Risala ya Wachunguzi wa Migodi ya Kale kwa Mgeni Rasmi: Uchaguzi na Utunzaji wa Vipima Gesi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Kikundi,
Wajumbe wa Kamati ya Usalama,
Wanachama wenzetu na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa kikundi cha kuchunguza migodi ya kale tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu. Risala nyingi huanza na historia ya kikundi na kufuatiwa na orodha ya mafanikio. Ya kwetu, kwa idhini yako, itayaruka hayo na kwenda moja kwa moja kwenye vipima gesi: namna tunavyovichagua, namna tunavyovitunza, na mahali ambapo bado tumepungukiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mgodi unapofanya kazi hewa yake husukumwa na feni kubwa, lakini siku kazi inaposimama feni huzimwa, baadhi ya njia huporomoka, na hewa iliyobaki ndani huachwa peke yake na vitu vinavyoila. Matimba, yaani magogo ya kuegemezea mgodi, yanayooza na mawe yenye pairaiti (madini ya chuma na salfa) hunyonya oksijeni. Maji yenye asidi yakikutana na mawe ya chokaa hutoa hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi. Matope ya maji yaliyotuama huweza kuficha haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu ya mayai viza, inayofumuka pale tu buti linapoyakoroga. Na katika migodi ya makaa ya mawe kuna methani, gesi inayolipuka, pamoja na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, inayotoka kwenye makaa yanayoungua polepole bila moto kuonekana. Tena, mgodi uliokuwa salama wiki iliyopita unaweza usiwe salama leo, kwa sababu kanieneo ya hewa ya nje inaposhuka, hewa mbaya iliyojikusanya katika vijia vilivyozibwa hutoka na kujaa njia kuu. Ndiyo maana hatukubali hoja ya mwanachama anayesema kwamba mahali fulani amekwisha kupazoea.

Wachimbaji wa zamani walilijua tatizo hili vizuri. Mwanafiziolojia wa Uingereza, John Scott Haldane, ndiye aliyependekeza mwishoni mwa karne ya 19 kwamba wanyama wadogo watumike kuonya kuhusu kaboni monoksaidi, na ndege aina ya kanari wakaendelea kushushwa migodini hadi mwaka 1986, Uingereza ilipotangaza kuwaondoa na kuweka vipimo vya kielektroniki mahali pao. Kanari alikuwa na faida moja ambayo kifaa cha kisasa hakina: akiharibika, kila mtu anaona.

Kipima gesi kinachopatikana kwa wingi ni kile cha gesi nne, yaani oksijeni, gesi zinazowaka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Ni kifaa kizuri, lakini tunaomba ieleweke wazi kwamba kilikusudiwa zaidi matangi, mitaro na viwanda, na kwamba katika migodi mingi ya kale gesi inayoua kimyakimya ni hewa ukaa, ambayo kifaa hicho hakiipimi kabisa. Wapo wanaojibu kwamba oksijeni ikipungua kengele italia, na hesabu inaonyesha kwa nini jibu hilo ni la hatari. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9, na kengele kwa kawaida huwekwa kwenye 19.5. Ikiwa oksijeni imeshuka kwa sababu tu hewa ukaa imeingia na kuisukuma hewa nyingine, basi kufikia 20.1 tayari asilimia 3.8 ya hewa mnayovuta ni hewa ukaa, na asilimia 4 ndicho kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanakitaja kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kengele itakapolia kwenye 19.5, hewa ukaa itakuwa inakaribia asilimia 7. Kabla ya hapo mtu atakuwa ameshaanza kuhema, kuumwa kichwa na kuchanganyikiwa, huku kifaa kifuani mwake kikiwa kimenyamaza kwa sababu hakuna aliyekituma kuangalia hilo.

Kwa hiyo sharti letu la kwanza katika kuchagua ni kihisi (sehemu ya kifaa inayoitambua gesi) cha tano, cha hewa ukaa, kinachotumia miale ya infraredi. Ambaye hana kihisi hicho haendi mbele. Anatembea nyuma ya mwenye nacho. Na kwa kuwa hata wenye nacho huweza kupitiwa, tumekubaliana kwamba oksijeni ikifika 20.5 msafara mzima unasimama na kutafuta sababu, bila kuisubiri kengele iliyopangwa kiwandani.

Upande wa gesi zinazowaka, mnunuzi anapaswa kuuliza kihisi ni cha aina gani. Kihisi cha kawaida huichoma gesi kidogo juu ya kichembe chenye joto na kupima joto linalozidi, na kwa kuwa kuchoma kunahitaji oksijeni, mahali penye oksijeni haba huweza kuonyesha methani kidogo kuliko ilivyo. Kihisi cha infraredi hakina udhaifu huo, ingawa chenyewe hakiioni haidrojeni. Namba inayoonekana kwenye skrini nayo si asilimia ya methani hewani; ni asilimia ya kiwango cha chini cha kulipuka, ambacho kwa methani ni asilimia 5 ya hewa, kwa hiyo 10 kwenye skrini ni nusu ya asilimia moja. Ambaye hajalijua hilo atatishika pasipo sababu au, kibaya zaidi, atajipa moyo.

Mengine tunayapitia kwa ufupi. Kifaa kiwe na cheti cha kutotoa cheche, na kwa migodi yenye methani kiwe cha Kundi la I, ambalo ndilo la migodi. Taa ya kichwani nayo ifuate sharti hilo hilo, maana haina maana kubeba kipima gesi salama chini ya taa isiyo salama. Kengele ya kaboni monoksaidi ya nyumbani haifai hata kidogo, kwani imetengenezwa makusudi ichelewe: katika sehemu 50 kwa milioni inaweza kukaa saa nzima bila kulia. Pua pia isitegemewe, kwa sababu haidrojeni salfaidi ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, na mtu hudhani harufu imeondoka. Kwa mashimo ya wima tunapendelea kifaa chenye pampu na mpira wa kunyonyea, au kifaa kinachoweza kushushwa kwa kamba na kuhifadhi kipimo cha juu zaidi kilichoonekana. Hewa ukaa hulala chini na methani hukaa darini, hivyo anayepima usawa wa kifua peke yake amepima theluthi moja ya kazi. Mwenye mpira mrefu avumilie, akihesabu takriban sekunde tatu kwa kila mita kabla ya kuanza kuisoma namba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utunzaji ndipo penye kazi kubwa. Kila asubuhi ya msafara kifaa huwashwa nje, kwenye hewa safi, mbali na moshi wa magari, na sifuri yake huwekwa hapo hapo. Kamwe haiwekwi ndani ya mgodi, kwani kufanya hivyo ni kukifundisha kifaa kwamba hewa mbaya ndiyo ya kawaida. Kisha kikombe cha plastiki hufungwa juu ya vihisi, valvu ya mtungi wa gesi ya majaribio hufunguliwa, na mwenye kifaa hutazama namba zikipanda, oksijeni ikishuka, taa zikimweka na kifaa kikitetema mkononi. Kihisi kisichoitikia hakijadiliwi. Kifaa hicho kinabaki garini, na mara nyingi mwenye nacho anabaki nacho. Kupulizia pumzi kunaweza kuonyesha kwamba vihisi vya oksijeni na hewa ukaa viko hai, lakini si mbadala wa jaribio hilo, na kukijaribu kifaa kwa gesi ya kiberiti cha gesi tumekupiga marufuku.

Kalibresheni kamili, yaani kukirekebisha kifaa kisome sawasawa kwa gesi ya kiwango kinachojulikana, tunaifanya angalau kila miezi 6, au mapema zaidi kama mtengenezaji ameagiza hivyo, kwa mtungi ambao tarehe yake haijapita, kwa sababu gesi ya mtungini nayo huchoka, hasa haidrojeni salfaidi. Vihisi vingi vya oksijeni vyenye madini ya risasi ndani huishi miaka miwili au mitatu, na huendelea kuisha hata kifaa kikiwa kimezimwa kabatini. Anayenunua kifaa kilichotumika asitazame usafi wa ganda, atazame tarehe ya vihisi. Silikoni, iliyomo katika dawa za kung'arishia na baadhi ya vipulizio, huua kihisi cha kawaida cha gesi zinazowaka bila kuacha dalili yoyote kwenye skrini, na mvuke wa dawa ya kutakasa mikono huweza kuipandisha namba ya kaboni monoksaidi. Vifaa vyetu husafishwa kwa kitambaa chenye maji matupu, na kichujio chenye tope hubadilishwa, hakisuguliwi.

Pamoja na juhudi hizo, bado tuna upungufu. Wanachama wengi wana vifaa vya gesi nne pekee. Mitungi ya majaribio tunaazimana, na wakati mwingine muda wake huisha kabla haijatumika nusu. Tunaomba, kwa unyenyekevu, utusaidie kupata mambo matatu: kituo kimoja cha kalibresheni cha pamoja kitakachotunzwa na Kamati ya Usalama, vifaa vichache vyenye kihisi cha hewa ukaa kwa ajili ya viongozi wa misafara, na fundi aliyefunzwa atakayetufundisha kubadilisha vihisi sisi wenyewe. Daftari la majaribio ya kila kifaa liko hapa mezani, nasi tunakukaribisha ulikague kabla ya kutujibu.

Tunaomba kuwasilisha.