Barua kwa mabinti zangu mnaoanza kufundisha chuo

Wasichana wangu, hamjambo. Kila mkimtaja Wangari Maathai mnataja kampeni yake ya kupanda miti na ile Nobel ya amani ya 2004, na ni sawa, lakini nyinyi mliopata barua za kazi vyuoni majuzi nataka mumjue Wangari lekchara, manake shida zake ndizo hizo zenu.

Alirudi Nairobi 1966 na masta zake za biolojia kutoka Marekani, barua ya kazi ya idara ya zoolojia iko mkononi, kufika anaambiwa kazi imeshapewa mtu mwingine. Na barua anayo! Akachukuliwa na idara ya anatomia ya mifugo, akafundisha hapo huku akisoma, hapo na Ujerumani pia, mpaka 1971 akapata PhD, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Darasa karibu lote lilikuwa vijana wa kiume, wakiwaza huyu dada wa miaka ishirini na kitu atatufunza nini sisi, hadi wajue nani anasahihisha mtihani, hapo adabu ikaingia.

Sasa sikieni hapa. Siku hizo mwalimu wa kike akiwa ameolewa hapati nyumba wala marupurupu kama mwanaume wa cheo kilekile, eti ana mume. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya wakakataa kabisa, wakasukuma hata chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyakazi kamili, wenzao wa kiume wakiwacheka, na mengi waliyodai yakaja kupatikana. Wala kelele hazikumharibia kazi, 1976 akawa mkuu wa idara, mwaka uliofuata profesa mshiriki. Kwa hivyo wewe soma kontrakti yote kabla ya kusaini, uliza posho ya nyumba, bima, pensheni, likizo ya uzazi, na usiende kuuliza peke yako, tafuta Vertistine wako hata kama ni mmoja tu.

(Hilo wazo la miti lenyewe lilitoka kazini, alikuwa akikusanya kupe wa ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe, akaona ng'ombe mbavu nje na mito imejaa tope.)

Lingine linauma. 1982 alijiuzulu agombee ubunge, akazuiwa kugombea, kurudi chuo kikamkataa na nyumba ya chuo akaambiwa ahame, baada ya miaka 16. Basi tafuteni kaploti mapema, hata kadogo, na kopi za barua zenu zote wekeni nyumbani, si kwenye droo ya ofisi.