Mlituuzia papa potwe wakati wa kusi

Kikundi cha Akina Mama cha Kuweka na Kukopa,
Tukuyu, Wilaya ya Rungwe,
Mkoa wa Mbeya.

8 Julai 2024

Meneja,
Kampuni ya Safari na Utalii,
Mbeya Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA VISIWA VYA MAFIA, 10 HADI 15 JUNI 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 11 mliowapeleka Mafia mwezi uliopita. Wenzangu waliniagiza niandike barua hii kwenye kikao cha Jumapili, na nimewasomea kabla ya kuituma. Nilimpigia kijana wenu wa ofisini mara nne. Mara ya nne akaniambia, "Mama, andika barua, meneja ataisoma." Ndiyo hii.

Tulilipa shilingi 650,000 kila mmoja, jumla shilingi 7,150,000, kwa awamu tatu, na risiti zote tatu ninazo. Hela hiyo imetoka kwenye ndizi, maharage na majani ya chai. Desemba, tulipovunja mzunguko, tulikubaliana kwamba mara hii tusigawane yote, nyingine tubakize tukaione bahari. Kati yetu 11, tisa walikuwa hawajaiona hata siku moja. Bibi yetu mmoja ana miaka 71. Alisema amelitazama Ziwa Nyasa pale Matema tangu utotoni, sasa anataka kuonja maji ya chumvi kabla Mungu hajamwita. Watu walitushauri Unguja. Sisi tukataka mahali palipotulia, visiwa ambavyo mtu anaweza kukaa chini ya mnazi akasikia upepo tu. Ndipo mkatutajia Mafia, na kwa hilo hamkukosea. Mafia ni pazuri na pametulia kweli. Malalamiko yetu ni kwamba mlituuzia mahali ambapo ninyi wenyewe hampajui, wala hamkujisumbua kumuuliza anayepajua.

Nilikuja ofisini kwenu mwezi wa Februari na mwenyekiti wetu. Kijana wenu alitufungulia picha ya papa potwe kwenye simu: samaki mkubwa kuliko wote duniani, mgongo umejaa madoa meupe kama punje za mchele zilizomwagika. Alitueleza kwamba hang'ati mtu, chakula chake ni vidudu vya majini na visamaki vidogo. Nikamuuliza kwa kinywa changu mwenyewe: sisi tutakwenda Juni, kwa sababu huku kwetu Juni ni baridi kali na shamba limepungua kazi, je, Juni wapo? Akajibu, "Wapo mwaka mzima, mama zangu." Kwenye ratiba mliyotupa, yenye mhuri wenu, imeandikwa: Siku ya 3, kuogelea na papa potwe. Nakala yake nimeiambatanisha.

Mbeya hadi Dar es Salaam sina la kulalamikia. Dereva alikuwa makini, Kitonga aliishuka polepole, na tulikolala palikuwa safi. Matatizo yalianzia Nyamisati, bandari ya kupandia boti za Mafia.

Tulifika Nyamisati Jumanne tarehe 11, saa nane mchana. Gati lipo, boti haipo, na maji yenyewe yamekwenda mbali, limebaki tope na mizizi ya mikoko. Boti ilikuwa imeondoka asubuhi maji yalipojaa. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu alituuliza nani katupangia kufika muda ule. Akatueleza bila haraka, kama mtu anayemfundisha mjukuu, kwamba pale safari hufuata maji. Kuna bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na kuna maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na saa ya maji kujaa husogea kila siku. Anayepeleka watu Mafia kwa njia ile kwanza huuliza maji. Simu moja tu ingetosha. Tulipompigia wakala wenu akasema alijua boti ni za saa tisa.

Kwa hiyo tulilala Nyamisati, akina mama 11, mmoja ana presha na dawa zake zimo kwenye begi lililotangulia kwenye gari jingine. Mama mmoja anayeuza chakula pale gatini alituondolea meza bandani kwake, akatutandikia mikeka, akatuazima vyandarua vitatu. Alitukaangia samaki na kutupikia wali wa nazi, akachukua hela ya chakula peke yake. Ya malazi aliikataa katakata. Naomba mlione jambo hilo, Ndugu Meneja. Mtu asiyetujua, ambaye hakuwa na shilingi yetu hata moja, ndiye aliyebeba wajibu wenu usiku ule.

Niseme na hili, ingawa si lalamiko. Mwenzetu mmoja ni mzaliwa wa Rujewa, kule Usangu. Asubuhi maji yalipojaa alisimama gatini akauliza ule ni mto gani. Akaambiwa ni delta ya Rufiji. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi na maji ya kwetu yamo humu." Na ni kweli. Ruaha Mkuu unatoka Usangu, unapita Mtera na Kidatu, unaingia Rufiji, na Rufiji unaishia baharini mbele ya Mafia. Alichota kwa kiganja akanawa uso. Hakuna aliyetueleza hilo kabla, na ninyi ofisi yenu iko Mbeya.

Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, tulifika Jumatano. Hoteli ya ufukweni iliyo kwenye ratiba yenu ilikuwa imefungwa tangu masika, na mlinzi akasema haijawahi kupokea jina letu. Tulitafuta nyumba ya wageni wenyewe huku mabegi yako barabarani: vyumba sita, siku tatu, shilingi 540,000, kutoka mfukoni mwetu. Kesho yake tukielekea Utende, kwenye geti la Hifadhi ya Bahari tuliulizwa kiingilio. Ratiba yenu inasema "viingilio vyote vimelipwa". Havikuwa vimelipwa. Tulilipa tena na hatukunung'unika pale getini, kwa sababu wale wahifadhi hawana kosa. Ile ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, tangu 1995, na baada ya kuona kazi yake naweza kulipa tena kesho. Lakini tulikuwa tumeshawalipa ninyi.

Sasa nije kwenye papa potwe.

Nahodha mliyetuunganisha naye kwa simu alitungoja ufukweni. Bibi yetu alikuwa amevaa kanga mpya aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Akamuuliza, "Baba, huyo samaki yuko upande gani?" Nahodha alitutazama mmoja mmoja, akavua kofia. Akasema, "Bibi yangu, shikamoo. Mmekuja wakati wa kusi." Akatueleza kwamba kusi ni upepo wa miezi hii utokao kusini, na kwamba papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, wanapokuja juu kula. Miezi hii husogea mbali au huzama chini, na kusi likivuma bahari ya nje inachafuka. Kijana wenu anaweza kujitetea kwamba hakudanganya, kwamba wapo mwaka mzima. Wapo, lakini hawaonekani. Mteja aliyelipia kuogelea nao hanunui samaki aliye kilindini. Bibi alirudi akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kanga yake magotini, asiseme neno kwa muda mrefu. Hilo ndilo ninalowadai, na halina risiti.

Nahodha angeweza kutugeuza turudi tukalale. Badala yake alisema, "Hamuwezi kuondoka Mafia hamjaona kitu." Siku ya pili yake, Ijumaa, alituvusha hadi kisiwa kidogo cha Chole. Tuliona popo wakubwa wala matunda wakining'inia mchana kweupe kwenye miembe, wamejifunika mabawa kama watu waliojitanda mashuka, aina ambayo kwao kwingine ni visiwa vya Komoro. Tuliona magofu ya wakati wa Wajerumani yaliyokumbatiwa na mizizi. Bibi alibaki Chole kwa akina mama wanaosuka ukili, na walipoagana walikuwa wameshapeana majina ya wajukuu. Sisi wengine tulivuka hadi kisiwa cha jirani, Juani. Tulipita kwenye magofu ya mji wa Kua, ambao Wasakalava wa Madagaska waliuvamia mwanzoni mwa karne ya 19 na haukuinuka tena. Sasa mibuyu imesimama ndani ya kuta, na watu wanapita pale kwa sauti ya chini.

Jioni tukatembea hadi ufukwe wa upande wa pili. Hapo kulikuwa na kijana wa kijiji anayelinda viota vya kasa. Alikuwa anahesabu siku za kiota hicho tangu mama kasa alipotaga, na kwa hesabu yake ilikuwa ndiyo siku. Alipiga magoti akaondoa mchanga kwa vidole, taratibu, kama mtu anayefukua kiazi asitake kukikwaruza. Mchanga ukaanza kutikisika wenyewe. Kikatoka kichwa kidogo cheusi, kisha kingine, kisha wakafurika. Kila mmoja angeenea kwenye kiganja. Aliturudisha nyuma tusiwakanyage, akatukataza kuwabeba, akasema lazima watembee wenyewe hadi majini. Mweka hazina wetu, ambaye mimi nimemjua miaka 20 na sijawahi kumwona akilia, alilia. Wimbi la kwanza lilipowachukua, kila mmoja wetu alikuwa anamtaja Mungu kwa namna yake.

Kijana yule akatuambia kwamba Juni ni mwezi mzuri kabisa wa kuwaona wakianguliwa Juani. Ndugu Meneja, rudini kwenye ratiba yenu mtafute neno kasa. Halimo. Mlituuzia kitu ambacho Juni hakionekani, mkanyamaza kuhusu kile ambacho Juni ndiyo wakati wake. Mngetuambia tangu Februari, "Mama zangu, Juni hamtaona papa potwe, ila mtaona kasa wakitoka mchangani," tungelipa hela ileile, na Bibi angejiandaa kwa safari ya Juani badala ya kuvaa kanga kumsubiri samaki asiyekuja. Pengine tungembeba.

Nimefika kwenye jambo lililotufanya tuandike badala ya kusamehe. Nahodha hamjamlipa. Mlipatana naye kwa simu shilingi 480,000 kwa siku mbili, na alitusomea ujumbe wenu wenye namba ileile iliyo kwenye risiti zetu. Mliahidi kutuma nusu kabla ya safari, haikuja. Mafuta ya mashine alikopa. Tulijua hayo Ijumaa usiku, na si kwa kutuambia yeye, bali tulimsikia akimbembeleza mwenye mafuta amsubiri. Idi ya kuchinja ilikuwa Jumatatu. Tulichangishana hela ya chakula cha njiani tukapata shilingi 120,000, akazipokea kwa shida sana. Juzi nimempigia. Bado hamjampa hata senti. Huyo ndiye aliyewaokolea jina lenu mbele yetu. Nasi tumeona aibu, kwa sababu tumekula jasho lake bila kujua.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na la nahodha ndilo la kwanza. Mlipeni shilingi 360,000 zilizobaki; namba yake mnayo. Akishanithibitishia kwa simu kwamba amepokea, ndipo tuzungumze ya kwetu. Ya kwetu ni shilingi 916,500 tulizotoa kwa mambo mliyosema mmeshayalipia, ikiwamo ile 120,000, malazi ya Kilindoni na viingilio. Mchanganuo na risiti vimo kwenye bahasha hii. Pia mturudishie shilingi 80,000 kwa kila mmoja, ambazo kwenye ratiba yenu mmezitenga kwa ajili ya papa potwe. Hatudai nauli, wala hatudai siku za Chole na Juani, kwa sababu hizo tulizifurahia.

La mwisho halina hela. Iondoeni ile picha kwa wateja wa Juni, au muandike chini yake miezi inayohusika. Nimesikia kuna kwaya moja ya huku Rungwe inajiandaa kwenda Julai mwakani kupitia kwenu. Waambieni ukweli wa kusi na kaskazi, waulizieni maji ya Nyamisati, na mtajeni kasa.

Tunawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu, tutapeleka nakala Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu huduma anayouziwa, na nyingine kwa wanaotoa leseni za biashara ya utalii. Tungependa zaidi yaishe kati yetu. Mwenyekiti na mimi tunakwenda Mbeya kila Alhamisi kupeleka ndizi sokoni, na tunaweza kupita ofisini kwenu kuanzia saa nne asubuhi.

Bibi anauliza kama Oktoba nauli itakuwa ileile.

Wenu,

Katibu,
kwa niaba ya wanakikundi 11, Tukuyu.

Viambatanisho: risiti tatu za malipo, ratiba yenye mhuri, risiti za malazi na viingilio, mchanganuo wa madai.