Malalamiko: Safari ya Abu Dhabi, viti namba 14 na 15

Sohar, Jumatano

Kwa Meneja,
Ofisi ya Safari,
Sohar

KUH: KUDAI HAKI YANGU KWA SAFARI YA JUMAMOSI ILIYOPITA

Assalaam alaykum.

Ama baada ya salamu, mimi ni mteja wenu niliyelipia viti viwili katika basi lililokwenda Abu Dhabi Jumamosi iliyopita, kwenye bustani ya michezo ya Ferrari World. Kimoja changu, cha pili cha mtoto wa dada yangu mwenye miaka 13. Nililipa riyali 58 kwa kila kiti, jumla 116, taslimu, kwenye kaunta yenu, na risiti ninayo. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu tangazo mlilotutumia kwenye simu lilikuwa la Kiswahili, na tulipatana kwa lugha hiyo hiyo.

Tangazo lilisema: "Siku nzima Ferrari World! Panda rola kosta yenye mbio za kutisha! Tiketi ya foleni ya haraka imo. Tunaondoka saa 12 asubuhi, tunafika saa 5, tunaanza kurudi saa 1 usiku."

Nianze na picha, maana hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Picha mliyoiweka juu ya maneno hayo si ya Abu Dhabi. Ni Cyclone ya Coney Island, New York, rola kosta (treni ya starehe inayopanda na kuteremka kwa kasi) ya mbao ya mwaka 1927. Ile inakokotwa na mnyororo mpaka kileleni, kisha inaachiwa iteremke kwa uzito wake. Formula Rossa ya Abu Dhabi, yaani rola kosta ya Ferrari World mliyoitangaza, ni ya chuma na haina habari ya mnyororo. Inavutwa kwa kebo inayosukumwa na nguvu ya haidroliki, yaani mafuta yanayosukumwa kwa presha, na kwa sekunde zipatazo 5 tu inafika kilomita 240 kwa saa. Ilipofunguliwa 2010 iliipokonya rekodi ya kasi rola kosta ya Kingda Ka ya New Jersey, iliyokuwa ikikimbia kilomita 206. Kuitangaza kwa picha ya Cyclone ni sawa na kuuza biriani kwa picha ya uji. Nilimwambia hivyo mhudumu wenu wa kaunta. Akacheka: "Ami, si zote zinakwenda mbio tu?" Na mimi nikacheka, nikatoa pesa. Kosa langu hilo nalikubali.

Huenda mkaona najifanya mjuzi. Kazi yangu ni ufundi wa mitambo ya haidroliki bandarini, na rola kosta ndiyo starehe yangu pekee inayonigharimu. Wenzangu wana mpira na uvuvi. Nimeshapanda 23 katika nchi tano. Ninayoipenda kuliko zote si ya kasi hata kidogo: ni ile ya mbao ya bustani ya Tivoli, Copenhagen, ya mwaka 1914, ambayo mpaka leo mshika breki hukaa humo humo kwenye treni pamoja na abiria, anavuta mkono wa breki mwenyewe kwenye miteremko. Hii ya Abu Dhabi iko karibu kuliko zote na sijaipanda. Nilijizuia kwa makusudi miaka minne, na sababu yake ni huyu mtoto.

Kuipanda ile lazima kimo kifike sentimita 140. Fremu ya mlango wa jikoni kwa dada yangu ina mistari ya penseli ambayo watu wakiiona hudhani ni ya fundi seremala. Tangu ana miaka tisa, kila Idd mtoto anasimamishwa pale bila viatu, mama yake anamwekea kitabu cha skuli kichwani, mimi nachora. Amewahi kuinua visigino mara mbili, tukamkamata. Mwaka jana alifika 137. Mwezi uliopita penseli iliandika 141, na dada yangu akasema, "Haya, mchukue mjomba wake, mkirudi salama mniambie." Kesho yake nilikuwa kwenye kaunta yenu.

Sasa siku yenyewe.

Saa 12 kamili tulikuwa kituoni. Basi liliondoka saa 1 na dakika 20, kwa sababu kijana wenu wa kuongoza safari alikuwa akisubiri familia moja ambayo, ilipofika, ilisema iliambiwa saa 1. Hilo nalisamehe, safari ni safari.

Mpakani pale Khatmat Al Shiklah tulikaa karibu saa mbili. Karatasi ya bima ya basi ya kuingilia Imarati, ile kadi ya rangi ya chungwa ambayo kila dereva wa Oman anaijua, ilikuwa imekwisha muda. Imekwisha siku sita kabla! Dereva akashuka kutafuta nyingine. Tulipokuwa tunasubiri likaibuka la pili: kijana mmoja wa Kitanzania anayefanya kazi hapa Sohar kwa kibali cha ukaazi alikuwa ameambiwa ofisini kwenu kwamba viza ataipata pale pale mpakani. Mkazi wa Oman asiye raia wa nchi za Ghuba anaomba viza yake mtandaoni kabla ya safari, jambo ambalo ofisi ya safari ndiyo ya kwanza kutakiwa kulijua. Aliteremshwa na begi lake. Kijana wenu alimwambia atafute teksi ya kurudi, akafunga mlango wa basi. Simsemei kwa kutumwa, wala jina lake silijui vizuri, lakini nilimwona amesimama juani na mfuko wa maandazi mkononi, na naomba na yeye mumrudishie pesa zake zote pamoja na za teksi.

Tumeshavuka, tukajua sasa ni moja kwa moja. Al Ain basi likaingia uani mwa duka la manukato na asali. Halikuwa kwenye tangazo. Dakika 55. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa "watu wachangamke kidogo". Waliochangamka ni wenye duka, na kama kuna mwingine aliyechangamka basi nyinyi mnamjua.

Tulifika Ferrari World saa 8 mchana, sio saa 5. Hapo ndipo tukagundua kwamba tiketi hazikuwa zimenunuliwa. Kijana wenu akajipanga dirishani kama mtu aliyekuja peke yake, na sisi 38 nyuma yake tunamtazama. Akarudi na tiketi za kawaida. Nikamuuliza za foleni ya haraka ziko wapi, akasema zinakuja. Nikaenda dirishani mwenyewe: zipo, zinalipiwa zaidi, na kundi letu halikulipiwa. Nikatoa pochi nilipie zetu mbili. Kijana wenu akanishika mkono, "Ami, usilipe mara mbili, nimeshaongea nao." Mpaka leo naandika barua hii, hazijaja.

Kisha akatutangazia kwamba basi linaondoka saa 11 kamili, si saa 1 usiku, kwa sababu dereva ana kazi nyingine asubuhi. Atakayechelewa atajijua.

Kufikia kumaliza picha ya kundi (ambayo ilikuwa lazima, eti ya ukurasa wenu) ilikuwa saa 9 na dakika 10. Humo ndani kuna mengi. Kuna rola kosta nyingine, Flying Aces, ambayo mzunguko wake ni wa mita 52 kwenda juu, na mtu mwingine angeridhika nayo. Sisi tulikwenda foleni ya Formula Rossa moja kwa moja. Kibao kikasema dakika 90. Nikapiga hesabu: saa 10 na dakika 40 tunapanda, saa 11 kasoro robo tumeshuka, saa 11 tuko kwenye basi tunahema. Inawezekana.

Naomba mnisikilize kidogo kuhusu ile foleni. Kila baada ya dakika chache treni inarushwa, na kabla haijarushwa kuna kimya kifupi, kisha mlio mmoja mzito unaopita kwenye sakafu na kupanda miguuni. Mimi nafanya kazi na pampu mchana kutwa, najua nguvu kiasi gani inahitajika kuutoa mlio ule. Mtoto alikuwa amekuja na miwani yake ya kuogelea kutoka nyumbani, ingawa nilishamwambia kule wanagawa miwani, kwa sababu kwa mwendo ule mchanga ukikupiga jichoni ni msiba. Aliivaa tangu mwanzo wa foleni. Nilimfundisha ukikaa tu ugandamize kisogo kwenye kiti, usisubiri, kwa maana ikishaondoka shingo haikusikilizi tena. Akawa anafanya mazoezi ukutani. Mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa nyuma yetu akaanza kufanya naye.

Saa 10 na dakika 35 mbele yetu zilikuwa zimebaki treni tatu. Kila treni inabeba watu 16. Nilihesabu vichwa mara mbili.

Simu ikalia. Kijana wenu. "Ami, uko wapi? Watu wote wako kwenye basi, tunakusubiri wewe tu." Nikamwambia nipe dakika 15. Akasema, "Haiwezekani, tukichelewa mpakani ni matatizo, nikikuacha usinilaumu." Nina mtoto wa watu, nchi si yangu, gari sina, na asubuhi nimemwona kwa macho yangu mtu akiachwa barabarani. Nikamwambia mtoto tutoke.

Hakubisha. Tulitoka kwa kurudi nyuma ya foleni, tukiomba njia kwa watu tuliokaa nao saa nzima na nusu, kila mmoja anauliza kulikoni. Alikuwa bado na ile miwani kwenye paji la uso. Alipoivua ilikuwa imemwachia duara mbili nyekundu.

Tulifika kwenye basi saa 11 kasoro dakika 8. Mlango umefungwa. Dereva amelala kiti cha nyuma. Ndani mlikuwa na bibi mmoja na wajukuu wawili, basi. Wale "watu wote" walikuwa Yas Mall, kwenye maduka ya jirani, na kijana wenu akiwa nao, na simu yake sasa haipokelewi. Waliendelea kurejea wawili wawili na mifuko. Yeye mwenyewe alikuja saa 12 na dakika 10 na kiatu kipya. Basi liliondoka saa 12 na dakika 25.

Hiyo ni saa moja na nusu tuliyokaa kwenye lami ya maegesho. Mlio wa treni kurushwa ulikuwa ukitufikia pale pale. Mtoto alianza kuhesabu, alipofika ya 11 nikamwambia aache.

Nilipomkabili kijana wenu aliniambia neno ambalo ndilo limenikalisha chini kuandika: "Lakini si mmeiona?"

Ndugu Meneja, ningetaka kuiona ningebaki Sohar nikaitazama kwenye simu, bure. Mliniuzia kupanda.

Sitaki kuwadhulumu. Basi lilikuwa safi, kiyoyozi kinafanya kazi, maji yalikuwepo, na dereva, akishaamka, anaendesha vizuri sana. Usiku ule kulikuwa na ukungu baada ya Buraimi na sikuogopa hata mara moja. Watu wa Ferrari World pia sina neno nao, kila tulichouliza tulijibiwa kwa adabu. Shida ni ofisi yenu, inayouza kitu isichokijua kwa picha ya kitu kingine.

Ninachodai ni hiki. Ama mnirudishie riyali 116 zote, ama mnikatie tiketi mbili za Ferrari World zenye foleni ya haraka, za tarehe nitakayoichagua mwenyewe kabla ya joto halijaanza, na kwenda nitakwenda kwa gari yangu. Ya pili ndiyo ningeipenda. Viti vya basi lenu sivihitaji. Pia muiondoe ile picha ya Cyclone, na mumtafute yule kijana wa mpakani. Namba yake mnayo kwenye orodha ya abiria.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka pamoja na risiti kwenye Mamlaka ya Kulinda Watumiaji, na sitarudi tena kaunta kuulizia.

Naambatanisha nakala ya risiti, tangazo lenu kama lilivyonifikia, na picha niliyoipiga ya mlango wa basi uliofungwa, saa ikionekana. Mkinipigia simu, pigeni baada ya saa 10 jioni, kabla ya hapo niko kwenye mitambo na sisikii. Na tafadhali msimpe simu yule kijana wenu wa kuongoza safari.

Wassalaam,

Mteja wenu, viti namba 14 na 15