Maganda ya machungwa ya Johnson

Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya vitabu amedai kwamba wasifu wa Kiingereza ulichanua katika karne ya 18 baada ya kuwapa kisogo Wagiriki na Warumi. Sikubaliani naye hata chembe. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na kila nikimfungua James Boswell, mwandishi wa wasifu wa karne hiyo, namkuta Plutarch, Mgiriki wa kale aliyeandika maisha ya majemadari, amekaa mlangoni. Kitabu cha Boswell cha 1791 juu ya Samuel Johnson, mwandishi Mwingereza, kinamnukuu Mgiriki huyo mapema kabisa: neno dogo au mzaha huweza kufichua tabia ya mtu kuliko vita vikubwa. Ndiyo maana Boswell haoni haya kutusimulia kwamba Johnson alikuwa akihifadhi maganda ya machungwa, na alipoulizwa ya nini, akagoma kusema!

Johnson mwenyewe alishaligusa jambo hilo mwaka 1750, katika toleo la 60 la jarida lake, The Rambler. Na mfano wake ni upi? Sallust, mwanahistoria Mrumi, aliyeona kwamba Catiline, Mrumi mwenzake aliyekula njama dhidi ya serikali, alitembea mara haraka, mara polepole. Mwendo tu.

Ninachomkubalia mwandishi wenu ni kimoja. Mwaka 1744 Johnson alimwandikia wasifu Richard Savage, mshairi fukara aliyefia gerezani Bristol kwa sababu ya deni. Plutarch, na majemadari wake, asingemtazama mtu huyo mara mbili.

Basi mwandishi wenu na asome toleo hilo la 60. Ni kurasa chache mno.

Mwalimu mstaafu