Nyumba za kale za Kyoto: seremala naye atajwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala ya utalii mliyoichapa hivi karibuni, iliyowasifu wasanii wa Japani kwa kuzigeuza nyumba za kale za mjini Kyoto kuwa nyumba za kulala wageni. Makala ilisomeka vizuri na picha zake zilivutia, lakini iliniachia dukuduku, kwa sababu kila nyumba ilitajwa kwa jina la msanii aliyechagua rangi na taa, na hakuna hata moja iliyotajwa kwa jina la fundi aliyeisimamisha tena. Mimi ni mtoto wa fundi wa milango hapa Unguja, na huenda ndiyo maana jambo hilo limenikaa rohoni.

Nyumba hizo, ambazo Wajapani huziita machiya, zilikuwa za wafanyabiashara na mafundi: duka mbele, familia nyuma. Upande wa barabarani ni mwembamba lakini ndani nyumba inakwenda mbali, hata wenyeji wenyewe huzitania kuwa ni kitanda cha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Katikati huachwa ua mdogo wenye jiwe na mmea mmoja au miwili, unaoingiza mwanga na upepo kama kiwanda, yaani ua wa ndani, kilivyo katika nyumba zetu za mawe. Nyingi kati ya zilizopo leo zilijengwa baada ya moto wa mwaka 1864, ambao uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Kwa desturi ya zamani nguzo hazikufungwa kwenye msingi. Zilikalishwa juu ya mawe tu, ili nyumba ipate kuyumba tetemeko linapopita. Ukuta ni fito za mianzi zilizofungwa kwa kamba, zikakandikwa udongo uliochanganywa na mabua ya mpunga, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka husubiriwa likauke kabla ya jingine kuwekwa.

Naeleza hayo kwa urefu kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1950 ilileta kanuni ambazo nyumba za namna hiyo hazikuweza kuzitimiza, kwa hiyo mpya zikakoma kujengwa na wanaojua kuzitengeneza wakazidi kupungua. Mwenye nyumba akifariki, warithi hudaiwa kodi ya urithi ambayo kwa mali kubwa hufika asilimia 55, na kiwanja cha katikati ya mji hupata mnunuzi haraka zaidi kikiwa kitupu. Jiji la Kyoto lilipozihesabu mwaka 2016 zilikuwa zimebaki 40,000 hivi, na katika muda wa miaka saba iliyotangulia zaidi ya 5,000 zilikuwa zimetoweka, yaani takriban mbili kila siku. Katika hali hiyo simpingi mwandishi wako anaposema kwamba wageni wanaolipa wamewapa watu sababu ya kutobomoa. Ninachopinga ni kudhani kwamba kila msanii aliyekabidhiwa nyumba ameiokoa.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa safarini kikazi, nililala siku tatu katika nyumba mojawapo ya aina hiyo. Msanii aliyepewa sebule alikuwa ameupaka ukuta wa udongo rangi nene ya mafuta, nyeusi inayong'aa, na kwenye picha za tangazo ilipendeza mno. Usiku wa kwanza nilisikia harufu ya ukungu. Asubuhi nilipitisha kidole chini ya dirisha, nikakuta rangi imevimba kama lengelenge. Nilipoibonyeza ikapasuka, na udongo uliokuwa nyuma yake ukanidondokea kiganjani ukiwa umelowa. Ukuta wa namna ile hunyonya unyevu na kuutoa, na ukiuziba pumzi unauozesha. Fundi yeyote wa kukandika angelisema hilo kabla kopo halijafunguliwa, laiti angeulizwa.

Ziko nyumba ambako mambo yalikwenda vingine, na ningependa wasomaji wako wazijue. Kampuni ya nguo za ndani ya Wacoal, ambayo makao yake ni Kyoto, ilianza mwaka 2018 kuzikodi machiya kutoka kwa wenyewe, kuzikarabati na kuzipangisha kwa wageni, kwa makubaliano kwamba muda ukiisha nyumba inarudi kwa mwenyewe. Mojawapo walikabidhiwa msanifu majengo Yoshifumi Nakamura na mbunifu wa vitambaa Akira Minagawa, nao hawakuigeuza kuwa jukwaa la kujionyesha. Sisi tunaoishi katika miji mikongwe ya pwani, ambako nyumba ikishauzwa mara nyingi ndiyo imekwenda, tunaelewa uzito wa mkataba wa aina hiyo kuliko uzuri wa mapazia.

Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, hauko Kyoto. Uko Inami, mji mdogo wa mkoa wa Toyama, ambao ulipata ustadi wake wa kuchonga mbao katika karne ya 18, mchongaji alipotumwa kutoka Kyoto kusaidia kulijenga upya hekalu la Zuisenji lililoungua. Huko mradi uitwao Bed and Craft umekarabati nyumba za zamani, na kila nyumba imeunganishwa na fundi wa palepale: mchonga mbao, mpaka vanishi ya utomvu wa mti, mfinyanzi. Mgeni analala katikati ya kazi ya fundi huyo, na akitaka anakwenda karakanani kwake kushika patasi. Nyumba yao ya kwanza, iliyofunguliwa mwaka 2016, zamani ilikuwa ya fundi wa milango na madirisha, nao wakaipa jina la kazi yake. Niliposoma hilo nilimkumbuka baba yangu, ambaye milango yake ipo mjini hapa na watalii huipiga picha kila siku bila kujua ni ya nani.

Nimalizie kwa jambo moja. Katika majengo mengi ya kale ya Japani, seremala anapomaliza kusimamisha mbao za paa, kabla ya kuezeka, huandika kwenye kibao tarehe na jina lake, kisha hukipigilia juu kabisa, kwenye boriti ya kilele cha paa, gizani, mahali ambapo mgeni hafiki. Jina la msanii liko chini, mlangoni, na hilo ndilo mwandishi wako alilolisoma. Akijaliwa kwenda tena, namwomba aazime ngazi.

Msomaji wako,
Mkunazini, Unguja