Zuhura, usiizime snupingi

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Rafiki yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, mama anakusalimu na anauliza lini utakuja. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana kwenye simu tunakatizana na jambo lenyewe linataka utulivu.

Unasema televisheni za hoteli, zile zinazopokea stesheni kupitia mtandao, zinawaka vizuri, picha safi, kisha baada ya dakika nne na kitu picha inaganda. Mgeni akihama stesheni na kurudi, inacheza tena, halafu yale yale. Kebo umebadilisha, ving'amuzi umebadilisha. Sasa acha kununua vitu. Hizo dakika nne ndizo zinazokuonyesha ugonjwa ulipo.

Televisheni ikitaka stesheni, hutuma taarifa ya IGMP, itifaki ya kuomba kuingia na kutoka kwenye makundi, ili iingie kwenye kundi la stesheni hiyo, tuseme 239.10.1.5. Swichi, kile kifaa kinachogawa mtandao kwa porti zake, ikiwa na snupingi, yaani uwezo wa kusikiliza maombi hayo, huidaka taarifa hiyo, ikaandika kwenye jedwali lake kwamba porti ya 14 inalitaka kundi lile, ikapeleka picha huko tu. Lakini haiandiki kwa kudumu. Lazima awepo muulizaji kwenye mtandao, ambaye kwa kawaida ya itifaki huuliza kila baada ya sekunde 125 nani bado yumo, na televisheni hujibu ndani ya sekunde 10. Zikipita sekunde 260 bila jibu, yaani maulizo mawili na muda wa kujibu, swichi inafuta porti ile na mkondo unakatwa. Sekunde 260 ni dakika nne na sekunde 20, Zuhura! Televisheni zako hazina kosa lolote, hakuna aliyeziuliza. Mtandao wako ni upatu usio na kijumbe.

Penye ruta inayopitisha multikasti, yaani mkondo mmoja unaotumwa kwa kundi zima, ruta ndiyo huuliza. Kwako picha hazitoki nje ya VLAN ya televisheni, ile sehemu ya mtandao iliyotengwa peke yake ndani ya swichi, na ruta ya intaneti haina habari nazo, kwa hiyo kazi hiyo imekosa mwenyewe.

Yule fundi aliyekwambia uizime snupingi, usimsikilize. Ukijaribu na stesheni mbili tatu utaona picha zimetulia, na hapo ndipo watu wengi huondoka wakijua wamemaliza. Bila snupingi swichi humwaga kila stesheni kwenye kila porti. Chukua stesheni 30 za megabiti 8: ni megabiti 240 kwa sekunde, na televisheni nyingi zina porti ya megabiti 100. Ikiwa waifai ya wageni nayo iko kwenye VLAN hiyo hiyo, itakufa kabisa, kwa sababu multikasti hewani kwa kawaida hurushwa kwa kasi ya chini. Utapigiwa simu na kila chumba.

Fanya hivi. Kwenye swichi kuu, ipe VLAN ya televisheni anwani ya IP, kisha washa kweria, ndiye huyo muulizaji, chini ya menyu ya snupingi. Anwani usiiache 0.0.0.0, kuna vifaa vinavyopuuza swali lisilo na mwenyewe. Wakiwepo waulizaji wawili, mwenye anwani ndogo ndiye hushika kazi, basi ipe swichi kuu anwani ndogo kuliko zote. Swichi za ghorofani hujifunza kutokana na maswali hayo kuwa swichi kuu iko upande gani, na taarifa za televisheni huzielekeza huko. Zile mashine zinazotoa picha zichomeke kwenye swichi kuu hiyo hiyo. Ukiziweka kwenye swichi ya ghorofani, stesheni zote zitapanda kuelekea kwa muulizaji hata pasipo mtazamaji, na kebo ya kuunganisha swichi itajaa bure.

Tazama pia anwani za makundi. Zile za 224.0.0 zimetengwa kwa kazi za mtandao wenyewe, na swichi huzimwaga kila mahali. Wengi hulijua hilo, wakasahau kwamba anwani ya MAC, ile ambayo swichi huitumia kupeleka data kwenye porti, hubeba biti 23 tu za mwisho za anwani ya kundi, hivyo makundi 32 huangukia MAC moja. Kwa hiyo 239.0.0.5 na 239.128.0.5 zote zinavaa MAC ile ile ya 224.0.0.5, na swichi nyingi zitazimwaga nazo. Ziepuke.

Kutoka kwa haraka (fast leave), yaani swichi kukata mkondo wa porti papo hapo televisheni inapoaga kundi, washa pale tu ambapo porti moja ina televisheni moja. Kule kwenye vyumba vya nyuma ulikoweka swichi ndogo ya kugawia, usiwashe: mmoja akihama stesheni, jirani anayeitazama hiyo hiyo anakatiwa.

Ukimaliza, fungua Wireshark, programu ya kutazama data zinazopita mtandaoni, kwenye kompyuta iliyo ndani ya VLAN ile, ungoje swali linalokwenda 224.0.0.1 na uone limetoka anwani gani. Halafu iache stesheni moja icheze dakika kumi bila kugusa rimoti. Ikipita salama, hifadhi mipangilio ndani ya swichi kabla hujafunga kabati, maana umeme ukikatika usiku swichi itaamka na mipangilio ya zamani.

Nitumie picha ya jedwali la makundi tuliangalie pamoja. Wasalimie wote hapo Dunda.

Rafiki yako,
Mwanaisha