Mechi za dakika tatu hazimpandishi mtu kwenye chesi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na vijana wa Tanga wanaocheza chesi kwa simu. Pita vijiwe vya Ngamiani jioni: pembeni ya ubao wa drafti siku hizi hukosi kijana aliyeinamia simu, anapiga mechi za dakika 3 mfululizo mpaka bando likate. Akifungwa, anabonyeza mechi mpya. Miezi inapita, pointi ziko palepale, na lawama zote anautupia mtandao.

Mtandao una sehemu yake, sikatai. Katika mechi ya dakika 3 isiyo na nyongeza, intaneti ikisinzia kidogo tu saa imekumaliza. Chagua 15+10, yaani dakika 15 kwa kila mchezaji na sekunde 10 zinazoongezwa kila hatua. Mechi ikifika hatua 60 utakuwa umepewa dakika 25 za kufikiri. Kwenye mipangilio washa pia uthibitisho wa hatua, maana kwenye kioo kidogo kidole huiweka kete mraba wa jirani na hakuna kurudisha.

Lakini hata intaneti ingekuwa ya kasi, tatizo lingebaki, kwa sababu vijana hawa hawajikagui. Lichess, tovuti na programu ya kuchezea chesi, ni bure kabisa, na injini ya Stockfish, yaani programu inayokokotoa hatua bora, iko humohumo. Mechi uliyofungwa ipitie kwanza wewe mwenyewe, uandike ni hatua ipi unadhani ilikuharibia, ndipo uwashe injini. Ukianza na injini utaona jibu, utasema "kumbe", na kesho utalirudia kosa lilelile. Kusanya mechi 20 za namna hiyo, kisha gawa ukurasa wa daftari safu nne: kete iliyoachwa ikaliwa bure, shambulio la kete mbili kwa mpigo, muda, na mwisho wa mchezo. Kila kosa lililoamua mechi litie alama kwenye safu yake. Safu iliyojaa kuliko zote ndiyo somo lako la wiki tatu zijazo. Nyingine ziache zisubiri.

Kwa wanaotoka kwenye drafti ningeongeza safu ya tano. Wanahesabu haraka, hilo ni lao, lakini wamezoea mchezo ambao ukitegewa kete huna budi kula. Kwenye chesi halazimishwi mtu. Unamla farasi wake kwa askofu, umeshapiga hesabu kwamba atarudishia kwa askari. Harudishii. Anatoa cheki kwanza kwa malkia, yaani anamshambulia mfalme wako, naye mfalme anasogea, malkia huyohuyo anaokota ngome iliyokuwa haina mlinzi, na askofu wako bado yuko palepale anasubiri kuliwa. Kabla ya kula chochote, jiulize: asiporudishia, ana cheki gani, na ana tishio gani kubwa kuliko langu? Hatua hizi za katikati zina mada yake kwenye mafumbo ya Lichess. Mwana drafti aanzie hapo.

Mafumbo nayo yana namna yake. Kumi na tano kwa siku yanatosha, ya mada uliyoipata kwenye daftari, na usiguse kioo mpaka umeona jibu la mpinzani hadi mwisho wa mfuatano wa hatua. Wengi hubonyeza cheki ya kwanza wanayoiona. Ikikubali wanajiona wamefumbua, kumbe wamebahatisha. Ukipata karibu yote, ugumu uko chini. Ukikosa zaidi ya nusu, shusha ngazi, maana hapo macho hayajifunzi umbo lolote, yanachoka tu. Uliyoyakosa yarudie baada ya siku chache. Wiki ya tatu acha mada, changanya, kwa sababu kwenye mechi hakuna anayekunong'oneza kwamba sasa ni zamu ya farasi kupiga kete mbili.

Kwa mwisho wa mchezo anza na hili moja. Mweupe ana mfalme e5 na askari e4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake kuanzia upande wa mweupe); mweusi amebaki na mfalme tu, yuko e7. Ikiwa ni zamu ya mweusi, lazima ampishe mweupe njia, na askari atafika kuwa malkia. Ikiwa ni zamu ya mweupe, ni sare, mradi mweusi aendelee kumkabili mfalme mwenzake uso kwa uso. Kete zilezile, miraba ileile, tofauti ni zamu tu. Cheza pande zote mbili dhidi ya injini mpaka usikosee, kisha sogeza kila kitu mraba mmoja upande wa kushoto, ujaribu tena.

Ufunguzi usiwale muda. Ukicheza weusi, jua tu kwamba baada ya mweupe kusogeza askari e4 na wewe e5, malkia wake h5, farasi wako c6, askofu wake c4, hutoi farasi f6, kwa kuwa malkia wake atakula askari wa f7 na mchezo umeisha. Sogeza askari g6. Malkia akirudi f3, sasa ndiyo farasi f6. Yaliyobaki utayajua njiani.

Na pointi zisiwatie presha. Akaunti mpya ya Lichess huanzia 1500 ikiwa na alama ya kuuliza, hivyo kushuka hadi 1100 kwenye mechi za mwanzo ni mfumo kukutafutia kimo chako, wala hujaharibikiwa. Na usizilinganishe na pointi za Chess.com, tovuti nyingine ya chesi, ni mizani mbili tofauti.

Kwako Mhariri nina ombi. Karibu na chemshabongo mtuwekee fumbo moja la chesi kila wiki, ubao wa miraba 64 uchapwe mkubwa wa kusomeka, jibu litoke toleo linalofuata. Andikeni ni zamu ya nani, basi. Msiandike "chekimeti kwa hatua 2" (chekimeti ni mfalme kushambuliwa bila njia ya kutoka), kwa kuwa hapo mtakuwa mmeshamfumbulia msomaji nusu yake.

Mwalimu wa chesi,
Ngamiani, Tanga